Pakacha Lililotiwa Nailoni

Kwao aliitwa Mbwana Shaame,
lakini Wete nzima, toka Limbani hadi Bopwe,
tulimjua kwa jina la Pakacha.
Alijipa mwenyewe: "Mie kazi yangu kuvuja,
mchukuzi apate nafuu."

Na wachukuzi ni sisi.

Baba alimrikodi ukumbini pa skuli,
kaseti ya dakika sitini,
kwa redio iliyofungwa mpira wa baiskeli
kwa vile kimlango chake hakikai.
Usiku tukichambua karafuu kwa taa ya chemli,
vidole vyeusi, makonyo huku, karafuu kule,
Pakacha akizunguka mle ndani
akiigiza karani wa mizani,
dole gumba limelalia sahani.

"Karafuu zako zina maji, bibi."
"Mwanangu, hilo jasho."
"Jasho nalo maji. Toa kilo tatu."

Hapo ukumbi unaanguka.
Hapo baba naye anaanguka, kila usiku, palepale,
kama hajapata kuisikia,
baba ambaye asubuhi yake
alikatwa kilo tatu.

Juzi walimleta uwanja wa Jadida
na maspika ya kukodi na fulana za bure.
Kanawiri. Saa inameta.
Mama kajifunga kanga yake ya Idi,
tukakaa majanini, mbele yetu safu za viti.

Akamtoa bibi yuleyule.
Sauti ileile, mgongo uleule uliopinda,
ila sasa bibi ndiye mwizi:
kaficha karafuu ndani ya buibui,
anasubiri ngarawa ya magendo,
na ndoo kichwani, mdomo haufungi,
"Kawekewa bomba, huyo! Sasa anataka mto!"

Viti vikacheka.
Na mie, Mungu anisamehe, nikacheka.
Mwili ulimtambua kabla yangu,
ile pumzi anayoivuta
kabla ya neno la mwisho.
Mama hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vyake.
Bomba la kwetu lina miezi minne
linapiga mluzi tu.

Usiku nikamtetea, peke yangu, kitandani.
Mkewe kaugua figo, kalazwa ng'ambo ya bahari,
na sisi tulimpa nini? Makofi.
Duka gani la dawa linapokea makofi?
Baba mwenyewe siku ile ya kaseti
aliingia kwa dirisha la nyuma.
Na kura ni yake, aipeleke atakako,
watu huhama hata nyumba walizozaliwa.
Hayo yote nimeyameza.

Kinachonikwama ni dole gumba.
Lilikuwa juu ya mizani tangu zamani,
Pakacha hakuliweka yeye.
Alilionyesha tu, nasi tukicheka
likawa kama limenyanyuka kidogo.
Sasa liko palepale,
lake yeye, lina pete,
na anataka tucheke
kwamba gunia letu jepesi.

Wamelitia nailoni, pakacha letu.
Halivuji hata tone.
Na mzigo, wallahi, ni uleule.

Leo nimeitafuta kaseti kabatini.
Mkanda ulikuwa umetoka matumbo,
nikaurudisha kwa penseli, taratibu, dakika ishirini.
Nilitaka kumsikia yeye wa zamani, nimsute.
Lakini aliyekuwa karibu na redio siku ile
si Pakacha.
Ni baba: anacheka, anakohoa,
anajifuta macho, anasema "Lahaula, huyu mtu!"
halafu anacheka tena, hata neno la karani
silisikii vizuri.

Nikaiacha iende hadi upande wa pili,
ambako hapakurikodiwa kitu.
Mkanda unapita mtupu, shhh, shhh,
kama karafuu zinazomwagwa juu ya jamvi,
bado hazijapimwa.